Kununua Nyumba Malindi: Dhana Potofu Kuhusu Madalali

Malindi hukosi mtu wa kukuuzia nyumba. Wa bodaboda anayo, mlinzi wa geti anayo, hata muuza madafu ana binamu yake anayeuza. Kwa wingi huo watu huchagua dalali kwa mazoea tu, na ndani ya mazoea hayo zimejificha imani kadhaa ambazo zimewagharimu wengi.

"Huyu dalali ananitafutia mimi"

Anakutafutia, ndiyo, lakini mara nyingi anayemlipa ni muuzaji, na kamisheni hupanda bei ikipanda. Hapo hakuna ubaya, ndiyo kazi yenyewe. Ubaya huanza madalali wanapofuatana: wa kwanza kamwambia wa pili, wa pili kamwambia wa tatu, na kila mmoja kaweka cha juu chake. Mwenye nyumba kasema milioni nane, wewe unaisikia kumi na nusu.

Basi swali la kwanza liwe hili: nani kakupa kazi hii, na karatasi yake iko wapi? Aliyepewa idhini ya maandishi na mwenye nyumba ataitoa bila kununa. Anayekujibu "tutaongea na mzee baadaye" huenda hata hamjui huyo mzee. Ukitaka mtu wa upande wako, mpe kazi wewe mwenyewe, mwandikiane ujira, na asipokee kitu kwa muuzaji.

"Ana ofisi na kadi, basi amesajiliwa"

Kenya ina sheria ya mawakala wa nyumba, Sura ya 533, tangu 1984, na ina bodi ya kuwasajili. Kufanya kazi hii bila usajili ni kosa. Anayesajiliwa ni mtu, kibao cha ofisi hakisajiliwi, kwa hiyo uliza jina lake kamili kisha ulitafute kwenye orodha ya bodi.

Najua ukishika sheria neno kwa neno, wengi wanaokutembeza mjini hawatabaki. Wapo kati yao waaminifu, na wanajua kisima kipi kimegeuka chumvi na jirani yupi ana kesi ya mpaka. Wasikilize. Ila kuonyeshwa nyumba na kumkabidhi mtu pesa ni mambo mawili.

"Serchi imeshafanywa, hati ni safi"

Hii ndiyo inayoliza watu. Serchi, yaani kuangalia kwenye ofisi ya ardhi nani ameandikwa mwenye hati, fanya mwenyewe au umtume wakili wako, tena iwe ya sasa. Nakala ya mwaka jana iliyokunjwa mfukoni mwa dalali haikusaidii. Na hata ikitoka safi, kazi haijaisha. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kiwanja cha ufukweni Nyali, Mombasa, ikasema hati peke yake haimkingi mnunuzi ikiwa ardhi iligawiwa kinyume cha taratibu tangu mwanzo. Lamu nao wana lao: Julai 2014 serikali iliagiza zifutwe hati za kampuni 22 zilizoshika ekari zipatazo 500,000. Karatasi walikuwa nazo.

Kisha pwani yetu ina mambo ambayo dalali mgeni huenda asifikirie kuyauliza. Kuna nyumba bila ardhi: kuta za muuzaji, chini pa mtu mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Kuna mali ya wakfu, iliyotolewa kwa ajili ya dini au hisani, ambayo msimamizi hana ruhusa ya kuamka na kuiuza. Kuna nyumba ya marehemu inayouzwa na kaka mkubwa, kumbe dada zake walioolewa Lamu na Siyu hawana habari, nao wana fungu lao. Wakala anayefaa hukuletea majina ya warithi wote na uamuzi wa mahakama, iwe ya Kadhi au nyingine, kabla hujauliza. Asiyefaa hukwambia "hayo ni ya kifamilia, yataisha".

Ukinunua Mji wa Kale wa Lamu, ongeza moja. Mji huo uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, na huwezi kubomoa ukuta wa matumbawe au kupandisha ghorofa bila idhini. Dalali anayekuahidi "huko juu utajenga upendavyo" anauza asichokuwa nacho.

"Nyumba ya Mtaliano haina maneno"

Imani ya Malindi kabisa hii, mji wenye nyumba nyingi za Waitaliano. Nyumba inaweza kuwa imejengwa vizuri na kutunzwa, lakini Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010 humruhusu asiye raia kushika ardhi kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Uliza imebaki mingapi. Na kama vila imeandikwa kwa jina la kampuni, ukashauriwa ununue hisa "ili mambo yaende haraka", jua kwamba madeni ya kampuni hiyo yanakuja pamoja na bwawa la kuogelea.

"Toa arbuni leo, kuna mwingine anakuja jioni"

Huyo mwingine huwa hafiki. Mkataba wa ardhi lazima uandikwe, utiwe saini na pande zote, na saini zishuhudiwe. Arbuni kwa kawaida ni asilimia 10, na mahali pake ni akaunti ya wakili. M-Pesa ya dalali haihusiki. Kama ni shamba nje ya mji, tuseme upande wa Mambrui, idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila idhini hiyo, mauzo ni batili hata kama umeshalipa yote.

"Dalali mjanja atakupunguzia ushuru"

Ushuru wa stempu, unaolipwa serikalini mali inapohamishwa, ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani, na wapo wanaokushauri muandike bei ndogo kwenye mkataba. Mthamini wa serikali hukadiria mwenyewe, kwa hiyo ujanja huo haufiki mbali, na ni kosa. Tena biashara ikivunjika, utakachoweza kukidai kortini kwa ushahidi ni kile kilichoandikwa. Zile zilizohesabiwa mezani kwa fedha taslimu, muuzaji atasema hakuziona.