Mbanano wa vifaa kwenye kompyuta ya gemu

Mbanano ni hali ya kifaa kimoja ndani ya kompyuta kushindwa kwenda na kasi ya vingine, mpaka vile vyenye nguvu vinabaki kukisubiri. Wacheza gemu wengi huuita botoneki. Kwa mwenye hela ya kuungaunga, hili ndilo jambo la kulielewa kabla hajashuka Kariakoo, kwa sababu ndilo linaloamua kama laki tatu yake itaonekana kwenye skrini au itapotelea ndani ya keisi.

Gemu inapochezwa, unachokiona ni fremu nyingi, yaani picha moja moja, zinazopita moja baada ya nyingine, na kila fremu hupitia mikono miwili. Prosesa hupiga hesabu: mpira uko wapi, adui anaelekea wapi, gari limegonga nini. Ikimaliza huipa kadi ya grafiki maagizo, nayo huchora. Kadi ikiwa inachora fremu hii, prosesa imeshaanza kuandaa inayofuata. Ni kama akina mama wawili wa chapati asubuhi, mmoja anasukuma, mwingine anachoma: anayesukuma awe na mkono mwepesi vipi, kikaango kikiwa kimoja zitarundikana tu kwenye sinia.

Tuweke namba. Prosesa inaandaa fremu kwa milisekunde 10, kadi inachora kwa milisekunde 25. Sekunde ina milisekunde 1,000, na anayechelewa ndiye anayepanga mwendo, kwa hiyo utapata fremu 40 kwa sekunde. Nunua prosesa mpya ya milisekunde 5, bado ni fremu 40 zilezile. Hela hiyo ukiipeleka kwenye kadi inayochora kwa milisekunde 12, unapanda hadi fremu 83. Ukizidi kupanda, ukaweka kadi ya milisekunde 6, usitegemee 166. Utagota kwenye 100, maana sasa anayechelewesha ni prosesa. Mbanano ukiutoa hapa unahamia pale, na kompyuta isiyo nao kabisa haijawahi kuundwa. Kwa bajeti ndogo mimi nashauri uuache ukae kwenye kadi, na hela nyingi iende huko, ilimradi prosesa inaweza kufikisha fremu 60 kwenye gemu unazozipenda.

Wengi Dar huanza na desktopu ya ofisini ya mtumba, hizi Dell OptiPlex na HP ProDesk, kisha wanaichomekea kadi. Ni njia nzuri sana. Mashine yenye Core i5-6500, prosesa ya mwaka 2015 yenye koa nne (sehemu za kupigia hesabu ndani ya prosesa), bado inaendana vizuri na kadi kama GTX 1050 Ti ya 2016 au GTX 1650 ya 2019. Lakini humo kinachobana mara nyingi ni umeme. Sloti ya kadi kwenye madabodi, ile bodi kuu, hutoa wati 75 tu, na pawasaplai (kifaa cha kugawa umeme) za mashine hizi mara nyingi hazina ile plagi ya pini sita ya kuiongezea kadi nguvu. Mwambie muuzaji afungue ubavu wa keisi mbele yako, uitafute plagi hiyo kwa macho. Kama haipo, kadi yako isiwe na tundu la kuchomeka umeme. GTX 1650 zipo za aina zote mbili, kwa hiyo angalia ukingo wa juu wa kadi kabla ya kulipa. Keisi ikiwa ile nyembamba, itahitaji pia kadi fupi kwa kimo.

Utaambiwa kuna waya wa kugeuza plagi ya SATA, ile ya kuipa diski umeme, iwe ya pini sita. Kataa. Plagi ya SATA imeundwa kubeba wati 54 kwenye laini ya volti 12, wakati kadi yenye tundu la pini sita ina haki ya kuvuta wati 75 hapo. Plagi inaweza kuyeyuka, na moto ndani ya chumba cha kulala si jambo la kubahatisha.

Kujua kompyuta yako inabanwa wapi hakuna gharama. Fungua gemu, soma idadi ya fremu kwa sekunde, kisha punguza ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Vitone vya kuchora vinashuka kutoka zaidi ya milioni mbili hadi kama laki tisa, lakini hesabu za prosesa hazibadiliki sana. Fremu zikipanda, anayebana ni kadi. Zikibaki palepale, ni prosesa. Usiamini sana asilimia ya jumla ya matumizi ya prosesa: koa moja kati ya nne ikiwa imejaa, utaona kama asilimia 25 tu, na kumbe gemu nzima inaisubiri koa hiyo moja.

RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nayo ina mbanano wake. Vijiti viwili vya GB 8 vinapitisha data kwa njia mbili. Kimoja cha GB 16 kinatumia njia moja. Kwa anayecheza bila kadi ya grafiki, kwa mfano na prosesa ya Ryzen 5 5600G ambayo picha zake hutumia RAM hiyohiyo, tofauti inaonekana wazi. SSD, diski ya kuhifadhia yenye kasi, inafupisha kusubiri gemu ifunguke, ila wastani wa fremu haiupandishi. Skrini ya hezi 60 itaonyesha picha 60 kwa sekunde hata kadi ikitoa 140.

Kuna mbanano mwingine unaosumbua hasa mji wenye joto na vumbi kama huu. Kompyuta inaanza vizuri, baada ya dakika kadhaa fremu zinaporomoka. Prosesa nyingi za Intel zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe zisiungue, na mashine iliyokaa ofisini miaka mingi huwa na vumbi kwenye feni na pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa. Mpe fundi aipulize na kubadilisha pesti, halafu rudia kile kipimo cha ukubwa wa picha kabla hujanunua kifaa chochote kipya.