Kwanza niambie analala saa ngapi

Ijumaa jioni getini, wazazi wanapokuja kuchukua watoto, swali huwa ni lile lile: "Mwalimu, kesho nimpeleke wapi huyu?" Nami hujibu kwa swali: "Mchana analala saa ngapi?" Wengine hudhani nakwepa. Nimefundisha chekechea huku Eastlands, Nairobi, miaka 14, nimepanda basi na watoto wa miaka mitatu hadi sita mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na matembezi mengi niliyoona yakiharibika yaliharibiwa na saa. Mtoto aliyezoea kulala saa saba, ukimfikisha langoni saa sita na nusu, umemkatia tikiti ya kuja kulia.

Hilo nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipanga sehemu tatu kwa siku moja: ndovu, twiga, kisha makumbusho. Kwenye karatasi ilipendeza sana, hata mwalimu mkuu alinisifu. Foleni ya Lang'ata Road ikatumeza. Kwa twiga tulifika watoto wanane wamelala, wawili wametapika na mmoja ana kiatu kimoja. Makumbusho tuliyaona kupitia dirisha la basi. Jumatatu nilipouliza darasani waliona nini, karibu wote walimtaja muuza njugu aliyekuwa akipita katikati ya magari na kofia ya Krismasi, mwezi wa saba.

Tangu siku hiyo naenda mahali pamoja, asubuhi, na tunarudi kabla usingizi haujagonga.

Kwa kipimo hicho, makao ya ndovu yatima ya Sheldrick ndiyo namba moja kwangu. Yako ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, unaingilia upande wa Magadi Road. Wageni wa kila siku huingia saa tano, na saa sita shughuli imekwisha. Saa moja tu, ambayo ndiyo hasa mtoto mdogo anaiweza. Nafasi unaiweka mapema. Usije ukiwa umebeba mtoto mgongoni ukitumaini kubembeleza mlinzi. Na kutoka lango la barabarani kuna mwendo, kwa hivyo kama umeshuka matatu, anza safari ukijua utabeba mtu.

Ndovu wachanga huja mbio kama watoto wa shule wakisikia kengele ya uji, kwa sababu wilibaro zimejaa chupa za maziwa. Ukiwa na mtoto wa miaka mitano, mwonyeshe mkonga. Ndama wa ndovu huchukua miezi kadhaa kabla hajaumudu. Unamning'inia, anaukanyaga, mwenyewe haelewi ni wa kazi gani. Mtoto anayehangaika na vifungo vya sweta hulielewa jambo hilo upesi. Kisha kuna matope. Akikuuliza kwa nini yeye hukatazwa na ndovu anaruhusiwa, mwambie matope ndiyo mafuta ya ndovu ya kujipaka juani, na ndiyo chandarua chake dhidi ya wadudu.

Hapo ndipo nilipofundishwa na mtoto wa miaka minne. Ndovu wote wako mbele, wageni wamejaa kwenye kamba, simu ziko juu, na kijana wangu mmoja amechuchumaa, amewapa ndovu mgongo. Kwenye udongo mwekundu, karibu na kidole cha kiatu chake, jongoo alikuwa anapita. Mama mmoja aliyekuwa ametusindikiza akamvuta mkono. "Geuka huku, baba, ndovu wako huku! Tumelipa pesa!" Nikamwomba amwache kidogo, nami nikachuchumaa. Nikaona alichokuwa anaona. Kwenda juu: suruali, suruali, mkoba, suruali. Kwenda chini: jongoo mzima, miguu yake ikienda kama wimbi. "Mwalimu," akaninong'oneza, "treni."

Macho ya mtoto wa miaka minne yako kama mita moja tu kutoka ardhini. Siku hizi kabla ya kumwambia mtoto "angalia," huinama kwanza nione kama kutoka pale alipo kuna cha kuangalia. Mara nyingi hakuna. Basi msogeze mpaka kwenye kamba, au mbebe. Na akishapata jongoo wake, usimvute. Kaa naye, muulize anadhani anakwenda wapi. Yule kijana aligeuka mwenyewe dakika chache baadaye, ndovu mmoja alipojitupa kwenye maji na kurusha matope.

Kituo cha Twiga pale Lang'ata hakihitaji maelezo mengi. Kila mzazi wa Nairobi anakijua. Jukwaa limeinuliwa mpaka usawa wa kichwa cha twiga, kwa hivyo hata mtoto mfupi anaona. Ila ulimi wa twiga hufika sentimita 45, una rangi ya zambarau inayokaribia weusi na umejaa ute. Mtoto anayeruka kwa furaha akimwona twiga kwenye picha anaweza kupiga yowe akikutana na huo ulimi. Msimlazimishe kwa sababu ya picha. Mpe yeye kazi ya kushika chakula, wewe ulishe. Na kikiisha, ondokeni pale, kwa maana twiga akiona mikono mitupu huweza kukupiga kichwa. Walio waoga hupenda zaidi wale ngiri wanaozurura chini, ambao angalau wana kimo cha mtu wa darasa lao.

Kwa ajili ya yule jongoo, mwezi uliofuata nilipeleka darasa Makumbusho ya Reli. Hapa ndipo ningependa wazazi waende zaidi, na ndipo huwasikia wakisema "kumbe pako wazi?" Ni karibu na stesheni, unashuka matatu pale Railways na kutembea dakika chache. Yamekuwapo tangu 1971. Ndani kuna vyombo na picha, ambavyo watoto hupita bila kugeuza shingo. Nje, kwenye nyasi, kuna vichwa vya treni vya mvuke.

Kikubwa kati yake ni namba 5918, kinaitwa Mount Gelai, cha aina ya Garratt, uzito wake zaidi ya tani 250. Injini hii imeungwa kwa vipande: tangi la mvuke katikati, na seti mbili za magurudumu mbele na nyuma zinazoweza kupinda kila moja kivyake. Ndivyo kitu kirefu hivyo kilivyoweza kukata kona za reli nyembamba kutoka Mombasa. Jongoo, kwa neno moja. Kijana wangu alianza kuhesabu magurudumu upande mmoja. Akafika tisa, akaruka hadi kumi na moja, akarudi mwanzo. Yako 14. Alihesabu mara nne, nami nikasimama pale juani nikiwa na kazi ya kusema "mm-hm." Hesabu ya namna hiyo sijawahi kuipata darasani kwa chati.

Angalieni tu vyuma vya ngazi, kwa sababu mchana hushika joto la kuchoma kiganja, nendeni mapema. Na hapo kuna behewa ambalo mwaka 1900, kule Kima, simba aliingia usiku na kumtoa afisa wa polisi, Charles Ryall. Hadithi hiyo muwekee kaka yake wa darasa la tano. Wa chekechea akiisikia, wewe ndiye utakayelala naye kitanda kimoja wiki nzima.

Kima ni jina la stesheni, lakini pia ndilo jina la mnyama atakayekuibia chakula kwenye Msitu wa Karura. Kima, tumbili na mbega, sisi huwaita wote nyani, lakini nyani hasa ni wale wakubwa wenye pua kama ya mbwa, si hawa. Kima ana manyoya meusi ya kijivu na shingo nyeupe. Tumbili ana uso mweusi na mwili wa rangi ya majivu. Mbega, waliorudishwa Karura miaka ya karibuni, amevaa joho jeusi lenye mapindo meupe. Wafundishe watoto majina hayo. Mtoto wa miaka mitano hupenda sana kumsahihisha mtu mzima.

Msitu wa Karura una hekta zaidi ya 1,000, na kosa la wazazi ni kutaka kuumaliza. Maporomoko na mapango ni mbali kwa miguu mifupi. Mimi hukata trei ya mayai vipande vya vishimo sita, kila mtoto chake, na kazi ni kujaza: kitu laini, kitu cha kukwaruza, kitu chenye harufu, kitu chenye tundu, kitu chekundu, na kitu ambacho hakuna mwenzako amekipata. Vya kuokota tu, hakuna kuchuma, na tukitoka tunavimwaga chini ya mti. Tumewahi kutumia saa nzima bila kufika mita 200 kutoka langoni. Wakubwa kidogo huwaambia kwamba mwaka 1999 Wangari Maathai alipigwa akitaka kupanda mti hapo hapo, na swali lao huwa moja: "Alikuwa amekosa nini?"

Jambo ambalo huwakuta wengi langoni: tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga na misitu ya taifa. Bebeni maji kwenye chupa ya kudumu.

Siku ya mvua, Makumbusho ya Taifa. Nendeni kwa sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta mpaka alipokufa mwaka 1974, mtoto ajipime na pembe zake, kisha muone nyoka. Inatosha.

Na kama mwezi umebana, posho mill. Sitanii. Mahindi yanaingia juu yakiwa punje, yanatoka chini yakiwa unga wa moto, na mashine inatikisa ukuta. Omba ruhusa, nunua kilo mbili, mtoto atie mkono ndani ya unga. Fundi wa cherehani naye, ukimpata hana haraka, ni nusu saa safi.

Mkobani: leso moja (kiti, blanketi, pazia la choo), nguo za kubadilisha, kofia, na sweta hata kukiwa na jua kama ni Julai. Chakula ni kile anachokila nyumbani, chapati iliyokunjwa na yai la kuchemsha. Siku ya matembezi si siku ya kujaribu soseji mpya. Tia karatasi yenye namba yako mfukoni mwake. Kisha mfundishe jina lako la kitambulisho, kwa maana nimewahi kumuuliza aliyepotea, "Baba yako anaitwa nani?" akanijibu, "Anaitwa Baba."

Mkirudi, msimhoji. Mpe karatasi na kalamu za rangi kesho yake. Kijana wa jongoo alichora kitu kirefu kilichojaa miguu, kikakata karatasi kutoka pembe hadi pembe. Mama yake akakitazama muda. "Na ndovu tuliolipia wako wapi?" Mtoto akaweka kidole kwenye doa dogo la kahawia kule pembeni.

"Huyu hapa. Amelala."