Homa haitoki kwa jasho, hata ukinyonga hadi Lushoto

Huyu ni mwendesha baiskeli wa tatu mwenye homa tangu masika yaishe. Amekaa kwenye benchi la kituo chetu cha afya hapa Mombo, kofia ngumu bado kichwani, jezi imechorwa michirizi myeupe ya chumvi mgongoni. Joto 38.9, mapigo ya moyo 118, naye amekaa tu. Katoka Dar kwa baiskeli anaelekea Arusha. Malaria ilimkamata Chalinze, akaanza dawa ya mseto, siku ya pili akajisikia mwepesi, akapanda baiskeli. Mfukoni ana vidonge 16.

"Dokta, nilitaka nipande Lushoto nitoe jasho, homa yote iishe."

Kilomita 30 na ushee za mlima, kona juu ya kona, kutoka tambarare ya mkonge hadi mji ulio mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Eti kutoa jasho.

Jasho halitoi malaria. Vimelea vimejificha ndani ya chembe nyekundu za damu, havina njia ya kupita kwenye vinyweleo. Kinachowachanganya watu ni mfuatano: mgonjwa anatetemeka, anawaka, halafu analowa jasho na kupata nafuu. Wanadhani jasho ndilo lililoleta nafuu. Ni kinyume chake. Ubongo umeshusha kiwango cha joto unachokitaka, ndipo mwili unajipoza kwa jasho. Ukijitoa jasho kwa kunyonga pedali, ubongo haujashusha chochote. Umeongeza joto la misuli juu ya joto la homa, na maji umeyapoteza bure.

Halafu kuna hesabu ya damu. Vimelea vipya vinapotoka ndani ya chembe nyekundu huipasua, na chembe hizo ndizo zinazopeleka oksijeni mapajani. Ndiyo maana kilima ulichokuwa ukikipanda kwa gia ya kati sasa kinakutoa roho kwenye gia nyepesi kuliko zote. Si uvivu, wala si mazoezi yaliyopotea. Damu hurudi kwa wiki kadhaa, haiharakishwi kwa glukosi. Bandama nayo huvimba. Ukianguka kidogo tu, usukani ukakugonga ubavu wa kushoto, inaweza kupasuka. Mimi hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko hayo mapigo 118.

"Lakini nilijisikia mzima." Hiyo ni kazi ya artemetha, moja ya dawa mbili zilizo ndani ya mseto: huua vimelea wengi upesi, na yenyewe huisha mwilini baada ya saa chache. Waliobaki humalizwa na ile ya pili, lumefantrini, ambayo inahitaji dozi zote, vidonge 24 kwa siku tatu kwa mtu mzima, na chakula chenye mafuta, maana bila mafuta mwili hauinyonyi vizuri. Chai ya rangi na andazi nusu barabarani si chakula. Maziwa, parachichi, wali wa nazi.

Mengine nitayapitia haraka. Kuna wa "kunywa maji mengi tu": aliyetapika, akaharisha, kisha akatoka jasho kwa muda wa saa sita, amepoteza chumvi pia, na maji matupu yanazidi kuizimua iliyobaki. Changanya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa pakiti. Ukiikosa, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Dafu ni tamu, ila sodiamu yake ni kidogo.

Kuna anayerudi baada ya wiki moja na kipimo cha haraka kilichosoma malaria, anataka dawa upya. Kipimo kile hutafuta protini ya kimelea, nayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Njoo tuangalie kwa hadubini.

Aliyetibiwa taifodi kwa siprofloksasini asidhani miguu haihusiki. Dawa hiyo inaweza kudhoofisha kano, hasa ya kisigino. Marekani waliiwekea onyo kali mwaka 2008. Kisigino kikianza kuuma, shuka. Na diklofenaki, dawa ya maumivu, ya "kujiandaa na mlima" kwa mtu aliyekauka maji ni kuzitafutia figo balaa.

Ushauri wangu, ambao wagonjwa wameshauchoka: pima mapigo asubuhi kabla hujainuka kitandani, dakika nzima, siyo sekunde 15 mara nne. Yakizidi ya kawaida yako kwa 10, baiskeli ibaki ukutani. Mimi ninayaandika kwenye daftari la hesabu za duka, mke wangu ananicheka.

Kijana tumemlaza. HB, kipimo cha wingi wa damu, imesoma 8.9. Jioni ameniuliza kama kesho anaweza kwenda Same taratibu, kwa kuwa ni mteremko. Same iko juu kuliko Mombo.