Je, wajua? Safari ya "Sina Makosa" ilianzia Tanga

Penye zilipendwa, iwe Ngamiani hapa Tanga au Nairobi, usiku hauishi bila "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Wengi huuhesabu kuwa wimbo wa Kenya, maana ulirekodiwa Nairobi na bendi iliyojenga jina lake Nairobi. Ni kweli, ila ni nusu ya habari. Ukiufuata nyuma, hatua kwa hatua, unaishia Tanga.

Miaka ya 1960 Tanga ilikuwa mji wa mkonge, bandari na reli. Mashambani na mjini kulijaa watu wa kila kabila waliokuja kutafuta kazi, na mwisho wa mwezi walikuwa na shilingi mfukoni na hamu ya kucheza. Ndiyo maana mji usio mkubwa uliweza kulisha bendi nyingi kwa wakati mmoja. Upande wa dansi kulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Upande wa taarabu kulikuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyothubutu kuingiza gitaa la umeme na besi kwenye muziki uliozoea fidla na ganuni, na ndiko mwimbaji Bi Shakila alikotamba. Mji ulikuwa na sikio la gitaa, na ninaamini jambo hili ndilo linalosahaulika zaidi katika simulizi hii.

Mwaka 1966 ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walijiunga na Jamhuri Jazz hapo Tanga. Mwaka 1970 wakahamia Arusha, na pamoja na ndugu yao William wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka mpaka kuingia Kenya, na huko wakazaliwa upya kwa jina la Simba Wanyika.

Kwa nini waondoke? Tazama hali ya mwanamuziki wa Tanzania wakati ule. Bendi kubwa nyingi zilikuwa za taasisi: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, polisi walikuwa na yao, jeshi lilikuwa na yake. Mwanamuziki alipata mshahara na heshima ya ajira, lakini gitaa, ngoma na vipaza sauti vilikuwa mali ya mwajiri. Akiacha kazi, anatoka mikono mitupu. Bendi binafsi ndizo zilizopata taabu zaidi, kwa sababu kununua vyombo kulihitaji fedha nyingi. Kisha kulikuwa na suala la santuri. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania na kurushwa hewani, nchi nzima ikaziimba, lakini Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Nairobi ilikuwa na studio, kampuni za kurekodi, kiwanda na maduka. Kwa bendi isiyo na taasisi nyuma yake, santuri ndiyo iliyokuwa mkate wa kila siku. Waliovuka mpaka walikwenda kutafuta soko lililoweza kuwalipa, na siwezi kumlaumu hata mmoja wao.

Simba Wanyika walivuma. Kiswahili chao kilikuwa laini, rumba yao ya taratibu, na Wakenya wakawapokea kama watu wa nyumbani. Lakini bendi ilikuwa ya ndugu, na waliosimama nyuma yao walikuwa wapigaji wazito wasiojulikana sana kwa majina. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji hao waliamua kujitoa. Miongoni mwao walikuwamo Omar Shabani, ambaye wenzake walimwita Profesa, mpiga gitaa la rithimu. Tom Malanga wa besi. Na Rashid Juma wa drams. Wakampata Mtanzania mwenzao, John Ngereza, gitaa mkononi na sauti kooni. Hiyo ndiyo Les Wanyika.

Hawakukimbilia jukwaani. Kwa miezi kama sita walijifungia kutunga na kufanya mazoezi, ndipo wakaanza kupiga katika klabu ya Garden Square, katikati ya Nairobi. Kwa watu wasio na mshahara, miezi sita bila jukwaa ni njaa ya kweli. Lakini walipotoka na "Sina Makosa", kila kitu kilikuwa mahali pake.

Wimbo unasimulia ugomvi wa wanaume wawili juu ya mwanamke mmoja. Mmoja amewaka hasira, yuko tayari hata kumwaga damu. Mwenzake hamtukani wala hamtishi, anamuuliza tu: chuki hii ya nini, ikiwa huyo mwanamke si wako wala si wangu, na kila mmoja wetu ana mke wake nyumbani? Hapo ndipo ulipo utamu. Anayedai hana kosa amekiri kosa kwa kinywa chake mwenyewe, maana naye ana mke. Msikilizaji anacheka, kisha anajikuta anamhurumia. Wapwani tumelelewa na mafumbo ya namna hii, ambapo msemaji hujifunga kwa ulimi wake na mtunzi hatii neno la kumhukumu.

Na muziki umetulia kama huyo msemaji. Magitaa matatu yanaongea kama wazee barazani, hakuna anayemkata mwenzake kauli. Besi ya Malanga inatamka, inanyamaza, inatamka tena. Solo linaingia pale sauti ya mwimbaji inapopumzika. Katikati yao kuna rithimu ya Shabani, kifungu kifupi kinachojirudia na kuacha nafasi, na ndicho kinachowanyanyua watu vitini bila wao kujua kilichowanyanyua.

Simba Wanyika nao hawakufa kwa mgawanyiko ule, waliendelea kurekodi hadi miaka ya 1990. George Kinyonga alifariki mwaka 1992, Wilson akamfuata 1995. Omar Shabani aliondoka 1998, na John Ngereza mwaka mmoja baadaye.

Ukiupiga wimbo huu tena, jaribu kuwaacha waimbaji kidogo. Lifuate gitaa la Shabani peke yake, tangu mwanzo mpaka kwenye chemko, pale muziki unapochangamka mwishoni, na usiliache hata solo likikuita.