Swichi iliyoganda: kinachoendelea kwenye utumbo wa mgonjwa wa kipindupindu

Watu wengi wanadhani mgonjwa wa kipindupindu anaharisha vile kwa sababu vijidudu vimemtafuna utumbo. Kumbe ukikiangalia kipande cha utumbo wake kwenye hadubini unakuta seli karibu zote zipo, zimejipanga vizuri tu, hamna kidonda cha maana. Na huku mwenyewe amelala kwenye kile kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini, anaweza kutoa lita nzima kwa saa moja, maji meupe kama uliyooshea mchele. Sasa yanatoka wapi? Hapo ndo panapoingia mawasiliano ya seli, na mi kila nikifundisha hii mada naanzia hapa, siyo kwenye ile michoro yenye mishale mia.

Seli imezungushiwa utando wa mafuta, wajumbe wengi, yani kemikali zinazobeba ujumbe mwilini, hawawezi kupenya, wanaishia nje. Fikiria daladala limejaa, konda yuko mlangoni, dereva hamuoni, lakini konda akigonga bodi gari linaondoka, akigonga tena linasimama, na hajagusa usukani hata siku moja. Seli nayo hivyo hivyo, nje kuna risepta, yani protini ya kupokea hodi, mjumbe akiishika inabadilika umbo kidogo na kwa ndani inaishtua nyingine inaitwa protini G, hiyo nayo inaamsha kimeng'enya cha kutengeneza saikliki-AMP, na saikliki-AMP ndo inasambaa seli nzima kutangaza kazi ianze. Hii saikliki-AMP aliigundua Mmarekani Earl Sutherland miaka ya 1950, alikuwa anahangaika kujua adrenalini inalifanyaje ini limwage sukari kwenye damu, si unajua ile unakimbizwa na mbwa unapata mbio ambazo hukujua unazo, akapewa Nobel mwaka 1971.

Ila watu wakisoma hii mambo wanaruka sehemu ambayo kwangu ndo tamu kuliko zote, kuzima. Protini G ikishafikisha ujumbe inajizima yenyewe baada ya muda mfupi sana, mpaka ipigiwe hodi tena.

Bakteria wa kipindupindu wala haingii ndani ya seli, anang'ang'ania juu ya utumbo mwembamba anamwaga sumu. Sumu yenyewe ina vipande 6, vitano vimekaa duara kazi yao ni kushikilia aina fulani ya mafuta juu ya seli, cha sita ndo mhalifu, kinaingia mpaka kwenye protini G kinaibandika kemikali ndogo tu, isiweze kujizima tena. Basi. Swichi imegandia kwenye kuwaka, saikliki-AMP inapanda, milango ya kloridi inabaki wazi, kloridi inamwagika utumboni, sodiamu inaifuata, hizo mbili ndo chumvi, na penye chumvi maji yanakwenda. Seli haijui kama imechezewa, yenyewe inatii amri. Kwamba ni sumu alionyesha Sambhu Nath De kule Kolkata mwaka 1959, alifunga kipande cha utumbo wa sungura akaweka majimaji yaliyochujwa yasibaki na bakteria hata mmoja, utumbo ukajaa maji vile vile.

Bahati nzuri kuna mlango mwingine ambao hiyo sumu haiugusi, unaingiza sodiamu na glukosi, yani sukari, kwa pamoja, chumvi peke yake haupitishi, na zikiingia zote maji yanafuata. Ndo ORS hiyo, ile dawa ya chumvi na sukari unayochanganya na maji ukanywa. Mwaka 1971 kwenye vita ya Bangladesh, wakimbizi kule Bangaon, India, dripu zikaisha, daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha maji ya chumvi na glukosi, vifo vikashuka kutoka asilimia 30 hivi mpaka chini ya 4.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema usimpe kunywa ataharisha zaidi naudhika kwelikweli, swichi imeganda, ataharisha anywe asinywe. Na wale wa kuzidisha sukari eti apate nguvu, au kumpa soda, sukari ikizidi inavuta maji yarudi utumboni. Pakti 1 kwa lita 1 ya maji safi na salama, hamna pakti weka vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vya kusawazisha, siyo vya mlima. Mtoto akitapika subiri dakika 10 halafu endelea na kijiko kimoja kimoja. Ukiona macho yameingia ndani, amelegea, ukimfinya ngozi ya tumbo inachelewa kurudi, huyo anataka dripu, mkimbize kituo cha afya na kama anaweza kumeza endelea kumnywesha njiani.

Halafu swichi zilizoganda hakuna anayezitengeneza. Antibayotiki zinaua bakteria ili sumu mpya isije, lakini seli zilizokwisha kuchezewa zinasubiri zamu yao tu, maana seli za utumbo zinabadilishwa kila baada ya siku 3 mpaka 5, zile za zamani zinabanduka zinaondoka na choo, chini yake zinapanda mpya zenye swichi nzima. Kikombe baada ya kikombe, unamvusha tu mgonjwa mpaka hizo mpya zifike juu.