Anisodus tanguticus: jamaa wa mnavu anayeota milima ya Tibet

Katika ukoo mmoja na mnavu, nyanya, bilinganya na mnanaha umo mmea ambao mimi, nikiwa mfamasia, sichoki kuufundisha. Ni Anisodus tanguticus, unaoota Qinghai, Gansu, Sichuan na Tibet nchini China, mara nyingi kwenye miinuko inayozidi mita 3,000. Sampuli kavu ninayofundishia ina tunda moja, na uzuri wake uko kwenye ganda la nje la ua, ambalo baada ya petali kupukutika huendelea kukua hadi likawa gumu kama ngozi iliyowambwa, lenye mbavu zilizotuna, likiufunika mfuko wa mbegu. Meno ya ganda hilo hayalingani, na hiyo ndiyo maana ya jina Anisodus.

Mizizi yake, ambayo Watibeti na Wachina wameitumia kutuliza maumivu, imejaa alkaloidi, yaani kemikali za mimea zenye nguvu kubwa mwilini, za jamii ile ile iliyomo katika mnanaha: hiyosiamini, skopolamini na anisodamini. Hizi huziba vipokezi (sehemu za seli zinazopokea ujumbe) vya asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuamrisha tezi, utumbo, moyo na mboni za macho. Aliyezidisha hukaukwa na kinywa, mboni humpanuka, moyo humwenda mbio, ngozi huwaka bila jasho, mkojo humziba, kisha huweweseka, na anaweza kufa.

Anisodamini ndiyo inayonishughulisha zaidi. Ilitengwa nchini China mwaka 1965, na namba 654 inayoitambulisha huko inatokana na Aprili ya mwaka huo. Inayotengenezwa maabara huitwa 654-2. Imeizidi hiyosiamini kwa atomu moja tu ya oksijeni, lakini atomu hiyo huifanya ipenye ubongoni kwa shida, na ndiyo sababu madaktari wa China waliweza kuwapa dawa hiyo wagonjwa wa mshtuko uletwao na maambukizi makali, yaani hali ya damu kushindwa kuvifikia viungo vya kutosha, wakikusudia kulegeza mishipa midogo ya damu iliyobana. Ndani ya mmea wenyewe ni kituo cha njiani, kwa kuwa kimeng'enya kile kile kinachoiunda kutokana na hiyosiamini ndicho kinachoigeuza kuwa skopolamini.

Kiasi kinachogeuzwa hakiwi kimoja kila mara, kwa hiyo vipande viwili vya mzizi vyenye uzito sawa vinaweza kubeba sumu isiyo sawa, na jicho halitambui. Anayeniomba unga wake kwa ajili ya tumbo linalosokota, mimi humkatalia. Aliyekwisha kuula anahitaji hospitali mara moja, ambako daktari anaweza kutumia fisostigmini, inayozuia asetilikolini isivunjwe mpaka iwe nyingi kiasi cha kuvitwaa tena vipokezi vyake.