Kabla hujasema wameiba, jumlisha

Jumapili ya tarehe 14 Septemba 2025, saa moja na kitu asubuhi, Lamu ilikuwa imeshaamka zamani. Punda washaanza kubeba mchanga kutoka ufukweni, mahamri ya mwanzo yashakwisha, na sisi kina yahe tumebanana mbele ya televisheni moja Langoni, tukimsubiri Terence Crawford aingie ulingoni na Saul "Canelo" Alvarez. Kule Las Vegas bado ilikuwa Jumamosi usiku. Ndivyo ulivyo ushabiki wa ndondi ukikaa pwani hii: pigano la Marekani unalitazama kwa chai na mbaazi, la Uingereza unalitazama ukigombana na usingizi, na la Riyadh linakwenda kwa saa zako mwenyewe, maana saa ya Riyadh na saa ya Lamu ni moja.

Crawford akashinda, majaji wote watatu: 116-112, 115-113, 115-113. Kabla mkanda haujafungwa kiunoni, kijana mmoja kando yangu akasimama na kikombe chake. "Kaibiwa! Canelo kaibiwa! Si yeye aliyekuwa akimfuata mwenzake tangu mwanzo?"

Nilinyamaza, chai yangu ilikuwa bado ya moto. Lakini neno hilo nalisikia kila baada ya pigano kubwa, na kwa kuwa niliwahi kukaa kando ya ulingo na kadi mkononi, katika mapigano ya ridhaa kule Mombasa kabla sijarudi nyumbani, nimeona niliandike hapa mara moja, nisije nikalirudia barazani mpaka sauti ikauke.

Jaji hatoi alama za pigano. Anatoa alama za raundi. Dakika tatu zikiisha, anaandika: aliyeshinda 10, aliyeshindwa 9. Aliyeangushwa mara moja kwa kawaida hupata 8, mara mbili 7. Kisha kadi inakwenda, na raundi inayofuata ni kesi mpya, kama vile wawili hawa hawajawahi kuonana. Ukimpiga mwenzako vibaya sana katika raundi ya tatu bila kumwangusha, ukaja ukapitwa kwa ngumi moja tu katika ya nne na ngumi moja tu katika ya tano, wewe uko nyuma. Mtazamaji anakumbuka ile ya tatu. Kadi haina kumbukumbu.

Kutokana na hapo kuna hesabu ndogo ambayo nashangaa haifundishwi. Raundi moja ya kawaida ni 10 na 9, yaani 19. Raundi kumi na mbili ni 228. Chukua kadi yoyote ya pigano la ubingwa, jumlisha namba mbili: ikitoka 228, kwa kawaida hapakuwa na aliyeanguka wala aliyekatwa alama. Jumlisha za Crawford na Canelo. Zote tatu ni 228, na kweli hakuna aliyegusa chini.

Sasa turudi kwenye lile lililotukosesha usingizi zaidi, Oleksandr Usyk na Tyson Fury, usiku wa kuamkia tarehe 19 Mei 2024. (Tulipotangaziana mtaani kwamba pigano ni Riyadh, bibi mmoja alitaka kujua kwa nini watu wapigane Riyadha, hapo msikitini kwa Habib Swaleh. Tulimtuliza.) Kadi zilisomwa hivi: 115-112 kwa Usyk, 114-113 kwa Fury, 114-113 kwa Usyk. Watu wakasikia majaji wametofautiana, wakasema hapo pana jambo. Jumlisha. 227, 227, 227. Ile moja iliyopungua ni ya raundi ya tisa. Usyk alimchapa Fury kwa mkono wa kushoto, Fury akayumba kama jahazi lililokatika usukani, akawa anatupwa kutoka kamba hii hadi ile, na refa Mark Nelson akaingia kati na kuhesabu. Fury hakugusa sakafu kwa goti wala kwa mkono. Lakini sheria inasema ukisimama kwa sababu kamba zimekushika, umeanguka.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua ubingwa. Mwenye 115-112 alimpa Usyk raundi saba na Fury tano. Mwenye 114-113 kwa Usyk aliona sita kwa sita. Mwenye 114-113 kwa Fury alimpa Fury saba na Usyk tano. Ondoa kuhesabiwa kwa raundi ya tisa, iwe 10-9 ya kawaida: kadi zinakuwa 115-113 kwa Usyk, 115-113 kwa Fury, na 114-114. Sare! Mikanda minne ya uzito wa juu, ambayo haikuwahi kuwa kiunoni mwa mtu mmoja tangu iwe minne, ingebaki imegawanyika. Kwa hiyo anayetaka kulalamika kuhusu usiku ule asiwafuate majaji, amfuate refa. Na mimi naona refa alikuwa sahihi. Bila zile kamba, Fury angekuwa amekaa mapajani mwa watazamaji.

Liliporudiwa tarehe 21 Desemba 2024 hapakuwa na haja ya hesabu. 116-112 mara tatu, Usyk.

Mfano ninaoupenda kuliko wote lakini ni wa Artur Beterbiev na Dmitry Bivol. Oktoba 2024 Beterbiev alishinda: jaji mmoja 114-114, mwingine 115-113, wa tatu 116-112. Februari 2025 wakarudiana, Bivol akashinda: 114-114, 115-113, 116-112. Namba zilezile, zimegeuzwa tu. Raundi ishirini na nne, na mpaka leo huwezi kuniambia nani mkubwa wa mwenzake. Mara ya kwanza mimi nilimpa Bivol kwa tofauti ndogo. Mara ya pili nilimpa Bivol kwa tofauti kubwa zaidi. Najua wako wanaosema nampendelea. Ni kweli nampendelea, ndiyo maana nikimtazama Bivol nazima sauti ya televisheni.

Hilo la sauti si mzaha. Mtangazaji akishaamua kwamba fulani anashinda, macho yako yanaanza kumtafutia ushahidi. Jaji hana mtangazaji, lakini ana umati nyuma ya kisogo, na umati ni mbaya zaidi. Nilijifunza kwa aibu. Mashindano moja ya vijana, ukumbi umejaa, mtoto wa mtaa ule ule anarusha ngumi na watu wanapiga kelele kila anaporusha. Nikampa raundi. Usiku, nimelala, nikawa nazirudia ngumi zile kichwani moja moja: nyingi zilipiga glavu na viwiko. Yule mwenzake, aliyetoka mbali na hakuwa na hata mtu wa kumshikia taulo vizuri, alikuwa ametoa nne au tano tu, na zote zilifika usoni. Nilimnyima haki yake kwa sababu ngumi zake hazikuwa na mashabiki.

Ndiyo maana yule kijana wa kikombe simlaumu. "Alikuwa akimfuata" ni kweli. Canelo alimfuata Crawford raundi kumi na mbili. Lakini kufuata si kufikia. Jaji anaangalia ngumi safi zilizofika, anaangalia kusonga mbele kunakozaa kitu, anaangalia ni nani anayeamua pigano lipiganiwe wapi, na anaangalia kujikinga. Kusonga mbele tu, huku unachapwa kila ukiingia, ni kumpelekea mwenzako mzigo nyumbani.

Aliyenifundisha kuliona hili hakuwa mtu wa ndondi. Ni ami yangu, mchezaji wa kirumbizi enzi zake. Nikiwa mdogo alinichukua uwanja wa Mkunguni wakati wa Maulidi, zumari linalia, ngoma zinajibu, watu wawili na fimbo zao ndani ya duara, mbele ya ngome. Mimi macho kwenye fimbo. Akanigeuza kichwa. "Mwanangu, mato yako yaweke maguuni. Mkono una urongo."

Nilimtazama Crawford kwa macho hayo. Mwanamume wa miaka 37, amepanda viwango viwili vya uzito, kutoka ratili 154 hadi 168, kumkabili mtu aliyeishi katika uzito huo. Kila mtu aliuliza kama ataweza kuzibeba ngumi za Canelo. Yeye aliamua asizibebe. Kila Canelo alipopanda mguu wa mbele ili arushe, Crawford alikuwa ameshahama nusu hatua, na Canelo, ambaye miguu yake haijawahi kuwa myepesi, analazimika kujipanga upya. Kujipanga upya huchukua muda, na katika muda huo Crawford anatoa mbili anaondoka. Raundi nyingi zilikuwa za kukaribiana, sikatai. Kadi yangu ilikuwa 116-112. Desemba akastaafu na mapigano 42 bila kupoteza hata moja, na sina ninalomdai.

Usyk naye ni wa miguu, ila kwa namna nyingine. Nahodha wa mashua anayetaka kwenda palikotoka upepo haelekezi omo kwenye upepo, atasimama pale mpaka magharibi. Anabisha: anakata kulia, anageuza tanga, anakata kushoto, na mwisho yuko bandarini. Fury ana urefu wa mita 2.06 na mikono kama foromali. Ukimwendea wima utakutana na mkono ule wa mbele. Usyk alibisha usiku kucha. Kila hatua ilionekana ya pembeni, na kila ikiisha alikuwa karibu zaidi. Daniel Dubois alidhani nguvu zitatosha, akalala raundi ya tisa mwaka 2023, akalala tena raundi ya tano Wembley Julai 2025.

Wako wasiotaka habari za kadi kabisa, na hao nawaheshimu. Robert Wangila wetu, Seoul 1988, alimmaliza Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili ya fainali akaleta dhahabu Kenya. Katika michezo hiyo hiyo Roy Jones wa Marekani alifikisha ngumi 86 dhidi ya 32 za mwenyeji Park Si-hun, na majaji wakampa Park, watatu kwa wawili. Hapo ndipo neno "kuibiwa" linapofaa. Ukilitumia kila Jumapili, siku ya wizi wenyewe utaitaje?

Haya, mapigano ninayoyataka. Naandika Januari 2026.

Fury na Anthony Joshua nimeshachoka kulisubiri. Lingefaa miaka mitano iliyopita. Joshua alimwangusha Jake Paul raundi ya sita Miami mwezi uliopita, pigano nisilolihesabu, na siku chache baadaye akapata ajali ya barabarani Nigeria iliyowaua rafiki zake wawili. Mwacheni apumue.

Ninalolitamani uzito wa juu ni Fabio Wardley na Moses Itauma. Wardley hakupitia ridhaa kabisa. Juni 2025 alikuwa anapitwa mbali na Justis Huni akamzima raundi ya kumi, Oktoba akamsimamisha Joseph Parker ya kumi na moja, na Novemba akapewa mkanda wa WBO, mmoja wa ile minne, baada ya Usyk kuuachia. Huyo kadi kwake ni karatasi ya kufungia karanga. Itauma ana miaka 21, mashoto, alimmaliza Dillian Whyte raundi ya kwanza, na hakuna ajuaye atakuwaje akifika raundi ya tisa amechoka na mtu bado yuko mbele yake. Naona Itauma atashinda raundi zote mpaka ile atakayopoteza pigano.

Na Japani wanatuandalia Naoya Inoue na Junto Nakatani. Wote walipigana Riyadh tarehe 27 Desemba, kila mmoja na mpinzani wake, na wote walishinda. Nakatani, aliyepanda kwenye ratili 122 kwa mara ya kwanza, alipewa 115-113, 115-113 na 118-110. Hiyo ya mwisho ni raundi kumi kwa mbili, na mimi pigano lile sikuliona hivyo kabisa. Mpinzani wake, Sebastian Hernandez, alimsukuma mpaka kengele ya mwisho. Watu wamekwisha kusema Nakatani ameonyesha udhaifu, Inoue atamla mzima.

Polepole. Inoue hufunguka mapema. Luis Nery, mashoto, alimwangusha raundi ya kwanza Tokyo Dome mwaka 2024. Ramon Cardenas alimwangusha raundi ya pili Las Vegas mwaka 2025. Mara zote mbili ni mkono wa kushoto, mara zote mbili Inoue alikuwa katikati ya kurusha yake, miguu imepanuka. Nakatani ni mashoto, mrefu, na ule wa kushoto ndio mkate wake. Ila Inoue akiinuka huwa mtu mwingine, anapunguza ngumi, anarudi kwenye mkono wa mbele, na anaanza kuzikusanya raundi moja moja kama mtu anayeokota kombe maji yakitoka.

Kadi yangu naiandika sasa, mnitunzie: 115-112, Inoue. Jumlisheni. Halafu mkisie ni nani niliyemwangusha.